Chanjo, virusi na tezi ya shingo: tuambiwe yote

Chanjo ya UVIKO-19 huweza, mara chache sana, kuivuruga tezi ya thairoidi, ile tezi ndogo iliyokaa mbele ya shingo chini kidogo ya kikoromeo. Hilo ni kweli, na madaktari wa nchi nyingi wameliandika tangu mwaka 2021. Virusi vya UVIKO-19 vyenyewe huivuruga tezi hiyo hiyo mara nyingi zaidi na kwa ukali zaidi. Hilo nalo ni kweli, na lilianza kuandikwa mwaka mmoja kabla. Hoja yangu ni kwamba mwananchi wa Zanzibar anastahiki kuambiwa yote mawili kwa pamoja, aambiwe na mtu anayemwamini, na akishaambiwa awe na pahala pa kwenda kupimwa. Wanaosema la kwanza peke yake wanamtisha. Wanaosema la pili peke yake wanamficha jambo ambalo atalisikia kwa mwengine, na siku atakapolisikia hatawaamini tena hata kwa lile la kweli walilomwambia.

Tezi hii hutengeneza homoni zinazoendesha mwili mzima. Ikizidisha, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, jasho humtoka mtu hata msimu wa kipupwe, usingizi hukimbia, na uzito hupungua ilhali anakula vyema. Ikipunguza, mwili huwa mzito, baridi humwingia mtu wakati wenzake hawaihisi, choo huwa kigumu, ngozi hukauka, hedhi huvurugika na mawazo hujikokota. Tatizo ni kwamba hakuna hata moja katika dalili hizo ambayo watu hawajaipa maelezo mengine tayari. Moyo kwenda mbio huitwa presha au wasiwasi. Homa yenye maumivu ya shingo huitwa malaria au mafindofindo. Uchovu wa mama mwenye watoto wanne huitwa kazi nyingi. Na mwanamke kijana ambaye ghafla halali, anatetemeka na hasira zake ziko karibu, si ajabu nyumbani wakasema amekumbwa na jini, akapelekwa kusomewa kabla ya kupelekwa kupimwa damu. Kusomewa hakumdhuru, kinachomdhuru ni kuchelewa. Maradhi ya tezi huwapata wanawake mara kadhaa zaidi kuliko wanaume, wengi wao wakiwa katika umri wa kuzaa, na mama mjamzito ambaye homoni zake ziko chini bila ya kutibiwa huhatarisha ukuaji wa ubongo wa mtoto aliye tumboni. Jambo linalogusa uzazi na akili za watoto haliwezi kuachiwa madaktari bingwa wachache walijadili wenyewe kwa wenyewe.

Kwamba virusi huweza kuiwasha tezi hii si habari ya juzi. Mwaka 1904 daktari wa upasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, alieleza uvimbe wa tezi wenye maumivu makali ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Waliokuja baada yake waligundua kwamba mara nyingi mgonjwa huwa aliugua mafua au homa ya koo wiki mbili hadi nane kabla. Mwaka 1957, kufuatia mripuko wa matubwitubwi nchini Israel, virusi vya maradhi hayo vilipatikana kwa baadhi ya wagonjwa waliovimba tezi. Surua na homa ya influenza pia zimetajwa. Kinachotokea ni kwamba tezi huungua, kuta zake za ndani huvunjika, na homoni zilizokuwa akiba humwagika kwenye damu. Mtungi ukishapasuka, kufunga mfereji hakuzuii maji yaliyomo yasimwagike, na ndiyo maana dawa ya kuizuia tezi isitengeneze homoni, kama kabimazoli, haimsaidii mgonjwa wa aina hii. Anachohitaji ni dawa za maumivu, pengine prednisoloni kwa muda, na propranololi ya kuutuliza moyo. Baada ya wiki kadhaa akiba humalizika na homoni hushuka, kisha wengi hurudi katika hali yao ya kawaida. Wachache, pengine mmoja katika kila kumi, hubaki na tezi iliyolegea na hulazimika kumeza levothairoksini kila siku. Maradhi ya Graves ni mengine: hapo mfumo wa kinga hutoa kingamwili zinazoichochea tezi ifanye kazi bila ya kusita, na kabimazoli ndiyo dawa yake. Daktari akiyachanganya mawili haya atampa mgonjwa dawa isiyomfaa na kumnyima inayomfaa, na hawezi kuyatenganisha kwa macho tu.

UVIKO-19 uliingia mapema katika orodha ya virusi hivyo. Mei 2020 madaktari wa Pisa, Italia, walichapisha habari za msichana wa miaka 18 aliyepata homa, maumivu ya shingo na moyo kwenda mbio kama wiki mbili baada ya kuambukizwa. Alikuwa wa kwanza kuripotiwa. Mwaka huo huo madaktari wa Milan walifanya jambo la maana zaidi: waliwalinganisha wagonjwa mahututi wa UVIKO-19 na wagonjwa waliolazwa katika wodi za aina hiyo hiyo mwaka 2019, kabla virusi havijafika. Wa mwaka 2020 walikuwa 85, na 13 kati yao, sawa na asilimia 15, walikutwa na homoni za tezi zilizopanda. Wa mwaka 2019 walikuwa 78, na aliyekutwa hivyo alikuwa mmoja tu. Sababu moja inafahamika vizuri: seli za tezi zina kwa wingi kipokezi kiitwacho ACE2, ambacho ndicho mlango virusi hivi vinaoutumia kuingia mwilini. Jengine walilolibaini Milan linatuhusu sana sisi. Wagonjwa wale hawakuwa na yale maumivu ya shingo yanayojulikana. Tezi iliungua kimya kimya. Kama hilo halionekani kwa macho katika hospitali iliyojaa vifaa, ni vipi litaonekana katika kituo cha afya kisichopima homoni kabisa?

Baada ya virusi, chanjo. Mwaka 2021 madaktari wa Uturuki waliripoti wahudumu watatu wa afya, wote wanawake, waliopata uvimbe wa tezi wenye maumivu siku chache baada ya kuchanjwa kwa CoronaVac, chanjo ya Kichina iliyotengenezwa kwa virusi vilivyouliwa. Mexico nako wakaripotiwa wahudumu wawili waliopata maradhi ya Graves baada ya chanjo ya Pfizer. Tangu hapo ripoti za namna hiyo zimefika mamia, na zimegusa chanjo za aina zote kubwa. Wataalamu wengine wanasema protini ya virusi inafanana kwa kiasi na protini za tezi, hivyo kinga iliyofundishwa kupambana na moja humkosea adui na kuipiga nyengine. Wengine wanalaumu viambata vinavyotiwa ndani ya chanjo ili kuiamsha kinga. Mamia ya ripoti si kitu cha kudharau, na daktari anayemcheka mgonjwa anayeuliza habari hizo anafanya kosa. Lakini ripoti hizo zimetoka katika mabilioni ya dozi, na wengi wa waliougua walipona ndani ya miezi. Huko Hong Kong watafiti waliwafuatilia makumi ya maelfu ya watu ambao tayari walikuwa wakitibiwa tezi iliyolegea, yaani wale hasa ambao mtu angetarajia wawe wa kwanza kuvurugika. Waliochanjwa hawakuonekana kuharibikiwa kuliko wasiochanjwa.

Hapa inabidi tutulie kidogo tufanye hesabu, kwa sababu mjadala mwingi wa barazani unapotelea kwenye hesabu hii. Katika nchi ambazo zimehesabu vizuri, maradhi ya Graves peke yake huleta wagonjwa wapya 20 hadi 50 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta Zanzibar ina watu 1,889,773. Chukua kiwango cha chini kabisa, kisha kipunguze kwa nusu kwa kuwa wengi wetu ni watoto na vijana. Bado utatarajia wagonjwa wapya karibu 190 kila mwaka hata kama hakuna mtu aliyechomwa sindano yoyote. Sasa chanja nusu ya watu wazima ndani ya kipindi kifupi. Kwa bahati ya tarehe tu, watu ishirini na kitu wataanza kuugua ndani ya miezi mitatu baada ya kuchanjwa, na kila mmoja wao, pamoja na jamaa zake, atasema kwa dhati ya moyo kwamba chanjo ndiyo iliyomponza. Hasemi uongo, anaeleza alichokiona. Na huenda miongoni mwao yumo mmoja au wawili ambao chanjo kweli ndiyo iliyowasha moto. Kuwajua hao hakuwezekani kwa kuwatazama wala kwa kubishana. Njia ni moja: kuwa na daftari la walioumwa kabla ya chanjo, daftari la walioumwa baada yake, na kuyalinganisha, kama walivyofanya Milan. Nchi isiyo na daftari haiwezi kumthibitishia mgonjwa kwamba amekosea, wala haiwezi kumpa haki yake pale anapokuwa amesema kweli.

Wapo watakaosema kuwa kitu chochote kinachoweza kuichokoza kinga ya mwili kikaishambulia tezi ni kitu cha kukataliwa, hata kama ni kwa mtu mmoja katika laki. Natamani wafikirie dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Inajulikana kwamba baadhi ya wanaozitumia, kinga yao inapofufuka baada ya kudhoofika kwa muda mrefu, hupata maradhi ya Graves mwaka mmoja au miwili baada ya kuanza dawa. Kinga iliyoamka imepita kiasi. Hakuna mwenye akili timamu anayesema dawa hizo ziachwe. Mgonjwa huelezwa, hufuatiliwa, hutibiwa tezi yake na huendelea kuishi. Wafikirie pia rubela. Mtoto aliyeambukizwa rubela akiwa tumboni huzaliwa katika hatari ya uziwi, mtoto wa jicho na kasoro za moyo, na akikua huwa katika hatari kubwa zaidi kuliko wenzake ya kupata kisukari na maradhi ya tezi. Tanzania ilianza kuchanja watoto dhidi ya surua na rubela kwa pamoja mwaka 2014. Kila msichana aliyechanjwa tangu wakati huo, ambaye kesho atakuwa mama, anamkinga mtoto wake na maradhi ya tezi miongoni mwa mengine. Anayetaka kuihesabu chanjo kwa tezi ilizozivuruga lazima aihesabu pia kwa tezi ilizoziokoa.

Sasa tutazame kwetu, kwa kuwa hofu ya chanjo hapa haikutoka hewani. Tanzania iliacha kutoa takwimu za UVIKO-19 mwaka 2020, wagonjwa wakiwa 509, kisha ikanyamaza kwa zaidi ya mwaka. Watu waliambiwa wasiogope, wakahimizwa kujifukiza. Mwishoni mwa Januari 2021 chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza hadharani kwamba Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, ameambukizwa. Tarehe 17 Februari akafariki dunia. Miezi mitano baadaye, tarehe 28 Julai, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya kamera Ikulu ya Dar es Salaam, siku chache baada ya kuwasili zaidi ya dozi milioni moja za Johnson & Johnson. Zanzibar ikatumia pia chanjo zilizotoka China. Uamuzi wa kuchanja ulikuwa sahihi na nauunga mkono bila ya kusita. Kilichokosekana ni maelezo ya nini kilikuwa kimebadilika baina ya mwaka mmoja na mwengine. Mtu aliyeambiwa jana hakuna hatari na leo akaambiwa akimbilie sindano ana haki ya kuuliza kesho ataambiwa nini, na asipopata jibu kwa wenye dhamana atalitafuta kwenye simu yake.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja yangu linatoka kwa watu wenye nia njema kabisa, wahudumu wa afya wenyewe. Wanasema: ukiwatajia watu madhara ya nadra, watakumbuka madhara na kusahau unadra. Si pingamizi jepesi. Aprili 2021 Marekani ilisimamisha chanjo ya Johnson & Johnson kwa siku kumi baada ya wagonjwa sita wa damu kuganda kupatikana kati ya dozi karibu milioni saba. Sababu ikatangazwa, chanjo ikarejeshwa ikiwa na onyo, na ni kweli kwamba baada ya hapo imani ya watu kwa chanjo ile ilishuka. Lakini walioiacha walikuwa na chanjo nyengine za kukimbilia, na serikali iliyowaambia la kuwatisha ndiyo waliyoweza kuisikiliza ilipowaambia la kuwatuliza. Linganisha na Kenya mwaka 2014. Maaskofu Katoliki walidai kwamba chanjo ya pepopunda iliyowalenga wanawake wa umri wa kuzaa imetiwa homoni ya kuzuia mimba. Serikali na Shirika la Afya Duniani wakakanusha, na mzozo ukahamia kwenye nani apime, kwa sampuli zipi na maabara ipi. Dai lile lilikuwa zito na lilisambaa kwa kasi kwa sababu liliangukia kwenye ardhi ya shaka iliyokuwapo tayari. Pepopunda inaua watoto wachanga. Kila mama aliyeikwepa sindano ile kwa hofu alibeba hatari ya kweli ili kukimbia ya kudhaniwa. Ukweli mdogo ukisemwa mapema na mwenye dhamana hupunguza nafasi ya uongo mkubwa kuja kusemwa na asiye na dhamana.

Na Wazanzibari si watu wa kukataa chanjo kwa asili yao. Januari na Februari 2009 chanjo ya kipindupindu ya kunywa ilitolewa katika baadhi ya shehia za hapa Unguja na za kule Pemba. Kati ya watu wapatao 48,000 waliostahiki, karibu nusu walikunywa dozi zote mbili, na utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionesha kuwa waliokunywa walikingwa kwa asilimia 79, huku hata majirani zao wasiokunywa wakifaidika kwa maradhi kupungua mtaani. Nataja nusu ile nyengine kwa makusudi. Hata katika kazi iliyofanywa kwa uangalifu na kuhesabiwa vizuri, mmoja katika kila wawili hakukamilisha. Anayedhani watu watafuata chanjo kwa kuambiwa tu kwamba ni salama hajaitazama takwimu hiyo.

Pingamizi jengine ni la fedha na vipaumbele. Kwa nini tushughulike na tezi ilhali kuna mama wanaofariki wakijifungua, kuna kipindupindu kila mvua zikizidi, kuna kisukari na presha zinazoongezeka? Jibu langu la kwanza ni kwamba visiwa hivi vimeshawahi kudanganyika juu ya tezi hii hii. Kwa miaka mingi iliaminika kuwa watu wa pwani, wala samaki, hawawezi kupungukiwa na madini joto. Goita ilihesabiwa kuwa maradhi ya watu wa milimani bara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulipowapima watoto wa skuli ulikuta goita kwa karibu mtoto mmoja katika kila watano Unguja na karibu mmoja katika kila watatu Pemba, na chumvi yenye madini joto kule Pemba ilikuwa katika kaya moja tu kati ya mia. Bahari imetuzunguka na tezi zilikuwa zimevimba. Hakuna aliyejua kwa sababu hakuna aliyepima. Jibu la pili ni kwamba sipendekezi kila mtu apimwe. Napendekeza kipimo cha tezi kiitwacho TSH, cha damu kidogo tu, kipatikane katika hospitali za wilaya ambazo tumezijenga kwa fedha za ahueni ya UVIKO-19, kwa ajili ya wale wenye dalili. Propranololi na prednisoloni ni dawa za bei nafuu. Kinachogharimu zaidi ni mwanamke kutibiwa presha na wasiwasi kwa miaka mitatu ilhali anaumwa tezi.

Na hapo ndipo Tunguu inapoingia. Eneo hili la Wilaya ya Kati, Unguja, lina Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na Chuo Kikuu cha Zanzibar, na jirani yake Binguni ipo Taasisi ya Utafiti wa Afya. SUZA ilipounganishwa na Chuo cha Sayansi za Afya cha Mbweni mwaka 2016 ilijitwika jukumu la kuwafundisha wauguzi, matabibu na madaktari watakaokwenda Makunduchi, Micheweni na Nungwi. Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar unapokea taarifa za madhara ya dawa na chanjo, lakini mfumo wa taarifa huwa na nguvu sawa na mkono wa muuguzi anayeijaza fomu. Muuguzi asiyefundishwa kwamba moyo kwenda mbio wiki tatu baada ya chanjo, au wiki tatu baada ya mafua makali, huweza kuwa ni tezi, hataijaza. Kwa hivyo somo hilo liwemo katika mafunzo, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wapewe kazi ya kulitengeneza lile daftari: wagonjwa wangapi wa tezi wameonekana katika hospitali zetu kila mwaka, wa umri gani, waliugua nini kabla, walichanjwa nini na lini. Ni utafiti usiohitaji mfadhili wa ng'ambo wala mashine ya ajabu. Unahitaji kalamu, uangalifu na mwalimu atakayeusimamia mwaka baada ya mwaka.

Nimezungumzia UVIKO-19 kwa kirefu, lakini sindano inayogusa nyumba nyingi zaidi sasa ni ile ya kuwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018 na kuwa dozi moja tangu 2024. Kuna wazazi wanaouliza kama itawavurugia mabinti zao homoni. Wajibiwe kwa ushahidi: utafiti wa Denmark na Sweden uliochapishwa mwaka 2013 uliwatazama wasichana karibu milioni moja, karibu laki tatu kati yao wakiwa wamechanjwa, ukachunguza maradhi mengi ya kinga kushambulia mwili, yakiwemo ya tezi, na haukupata ushahidi wa kuaminika kuwa chanjo iliyaongeza. Saratani yenyewe huua wanawake wengi wa Kitanzania kuliko saratani nyengine yoyote. Mzazi akipewa habari hizo mbili kwa lugha anayoielewa, ataweza kuamua mwenyewe.

Kwa msomaji mwenyewe nina machache. Ukipata homa na maumivu ya mbele ya shingo yanayopanda hadi sikioni au kwenye taya, au moyo ukaenda mbio na mikono ikatetemeka ndani ya wiki chache baada ya maambukizi au chanjo, nenda hospitali, utaje tarehe ya kila kimoja, na uulizie kipimo cha tezi. Usikubali kuanzishiwa kabimazoli kwa kukisiwa. Kama tezi ilikuvuruga baada ya dozi ya kwanza, zungumza na daktari kabla ya nyengine. Huenda akakushauri usubiri au ubadilishe aina ya chanjo. Kama unatibiwa tezi tayari, hiyo si sababu ya kukimbia chanjo. Na wewe unayesema bora maambukizi ya kawaida kuliko sindano, zirudie zile namba za Milan: 13 kati ya 85, na mmoja kati ya 78.

Kwa wenye dhamana nina ombi. Mwaka 2021 mpango wa COVAX uliweka fidia isiyohitaji kesi mahakamani kwa watu wa nchi 92, Tanzania ikiwemo, waliopata ulemavu wa kudumu au kufiwa kutokana na chanjo zake. Ni wangapi waliochanjwa Wilaya ya Kati waliwahi kuelezwa kuwa haki hiyo ipo? Kabla ya kampeni ijayo ya chanjo, ya maradhi yoyote yale, Wizara ya Afya iandike karatasi moja kwa Kiswahili, iwekwe kila kituo cha afya na isomwe na sheha mbele ya watu wake: chanjo hii inakinga nini, inaweza kudhuru vipi na kwa nadra gani, maradhi yenyewe yanadhuru kwa kiasi gani, na anayeumwa baada yake aende wapi na aandikiwe na nani.